MAISHA YA SAYYIDNA UMAR BIN KHATTAB NA MATENGENEZO YAKE YA JESHI NA SERIKALI WAKATI WA AMANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake wote.

Ama baada ya haya: watu wengi wanapotajiwa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) huzikumbuka vita zilizopiganwa katika siku zake, Yarmuk na Qadisiyya na Nihawand. Lakini yeye mwenyewe hakuhudhuria hata moja katika vita hizo. Alikuwa Madina, mwendo wa siku nyingi mbali na majeshi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuyatengeneza mambo ambayo watu huyasahau mara upanga unaporudishwa alani: malisho ya farasi, mashahara ya askari, ghala za chakula, daftari za hesabu, kadhi wa kuhukumu, na mpaka wa amri ya kila mwenye cheo. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Anfal, Aya ya 60, Waislamu waandae nguvu waziwezazo na farasi waliofungwa tayari. Na maandalizi hufanywa kabla adui hajaonekana. Maisha ya Sayyidna Umar yanaelezwa hapa kwa upande huo.

Asili yake na kusilimu kwake

Alizaliwa Makka miaka 13 baada ya Mwaka wa Ndovu, katika mbari ya Bani Adiy, mojawapo ya mbari za Kikureshi. Mbari hiyo haikuwa kubwa kwa watu wala kwa mali, lakini ilikuwa na kazi yake katika mji. Wao ndio waliokuwa wajumbe wa Makureshi, wakipelekwa kusema na makabila mengine palipotokea vita au ugomvi, na Umar alipopata utu uzima kazi hiyo ikamwangukia yeye. Utotoni alimchungia baba yake ngamia, kisha akafanya biashara na kusafiri. Tena alijua kusoma na kuandika, na imepokewa kuwa Uislamu ulipokuja waliojua kuandika katika Makureshi walikuwa wanaume 17 tu. Mambo haya yote yalimfaa baadaye. Mchungaji huyajua malisho, mfanyi biashara huijua hesabu, na mjumbe hujua kuwa neno lisilofika sawasawa huleta msiba.

Alisilimu katika mwaka wa 6 tangu Bwana Mtume (S.A.W.) kupewa Utume. Akahamia Madina, akahudhuria Badr na vita nyingine kubwa, na binti yake Bibi Hafsa akaolewa na Bwana Mtume. Sayyidna Abu Bakr alipofariki katika Jumada al-Akhira mwaka 13 wa Hijra (634), Umar alishika Ukhalifa kwa wasia wake, akatawala kwa miaka 10 na miezi kadhaa.

Hatari iliyokuja baada ya ushindi

Mwaka 15 (636) jeshi la Rumi lilivunjika Yarmuk. Baada ya Qadisiyya, Waislamu wakaingia Madain, mji wa wafalme wa Kiajemi, katika mwaka 16 (637). Watu waliotoka jangwani wakajikuta katika nchi za mito na mitende na mashamba yasiyo mwisho. Vita ilipotulia ndipo ilipotokea hatari ambayo vitani haikuwapo. Kila askari akipewa shamba lake atakuwa mkulima, na atakapoitwa hatatoka. Askari asiyepewa kitu naye atajichukulia mwenyewe kwa wenyeji, na dhulma itaenea. Na huku Kaisari wa Rumi yupo ng'ambo ya milima ya Sham, na Yazdajird mfalme wa Ajemi yu hai, anakusanya watu. Amani ile ilikuwa ya kupumua tu, na khalifa alijua kuwa jinsi itakavyotumiwa ndivyo vita itakayokuja itakavyokwenda.

Ardhi ya Iraq

Jambo la kwanza lilikuwa ardhi ya Sawad, yaani mashamba ya Iraq. Wapiganaji walitaka igawanywe kama ngawira nyingine. Bilal alishikilia neno hilo kwa nguvu, na Abdurrahman bin Auf aliona vivyo hivyo. Umar aliogopa kuwa ikigawanywa yote, watakaokuja nyuma hawatakuta kitu, na hapatakuwa na mali ya kuwalisha askari wa mipakani wala wajane na mayatima. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita wakubwa wa Muhajirina, kisha watu 10 katika Ansari, 5 wa Aus na 5 wa Khazraj, na mashauri yakaendelea kwa siku kadhaa. Ali na Uthman na Talha wakawa pamoja naye. Mwisho akatoa hoja katika Aya za Sura ya Hashr, ambazo baada ya kuwataja Muhajirina na Ansari huwataja na wale watakaokuja baada yao. Watu wakaridhika.

Basi wenyeji wakaachwa katika mashamba yao, wakatozwa kodi ya ardhi iitwayo kharaji, na mali hiyo ikawa ya Waislamu wote. Madhhab ya Imam Shafii (Mungu amrehemu) ni kuwa ardhi ile iligawanywa kwanza kwa wapiganaji, kisha Umar akawataka waiache kwa radhi zao, akaifanya wakfu. Dalili yake ni khabari ya kabila la Bajila, waliokuwa robo ya jeshi, wakaishika robo ya Sawad kwa muda wa miaka 2 au 3. Umar akazungumza na mkubwa wao, Jarir bin Abdillah, nao wakairudisha. Mwanamke mmoja wa Bajila, aitwaye Umm Kurz, alikataa kuliacha fungu la marehemu baba yake mpaka apewe ngamia mwenye tandiko jekundu na dhahabu ya kumjaza mikono. Khalifa akampa alichotaka, wala hakumnyang'anya haki yake kwa kuwa yeye ni mwenye amri.

Kupima ardhi hiyo alipelekwa Uthman bin Hunaif pamoja na Hudhaifa bin al-Yaman. Ikapatikana jarib 36,000,000. Katika riwaya mashuhuri kila jarib ya ngano iliwekewa dirham 4 na ya shairi dirham 2, na miti na mizabibu zaidi ya hapo.

Daftari la askari

Mali ilianza kuja Madina kwa wingi usiozoewa. Abu Huraira alirudi kutoka Bahrain akasema amekuja na dirham 500,000. Khalifa akadhani ni usingizi wa safari, akamwambia akalale aje asubuhi. Alipohakikisha kuwa ni kweli, akawataka watu shauri. Sayyidna Ali aliona mali yote igawanywe kila mwaka isibakie. Sayyidna Uthman aliogopa kuwa bila ya hesabu hatajulikana aliyepata na asiyepata. Akasimama mtu aliyekwenda Sham, akaeleza kuwa wafalme wa huko wana daftari za askari wao. Umar akaikubali rai hiyo ijapokuwa asili yake ilitoka kwa Warumi, maana haikupingana na sharia na ndani yake mlikuwa na maslaha.

Likaanzishwa daftari, nalo ndilo Diwani, na wengi wameliweka katika mwaka 20 (641). Makarani walikuwa watatu waliojua nasaba za Waarabu: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Naufal na Jubeir bin Mut'im. Wakaanza na Bani Hashim, kisha jamaa wa Abu Bakr, kisha jamaa wa Umar. Khalifa akawarudisha, akawaamrisha wafuate ujamaa na Bwana Mtume (S.A.W.), aliye karibu kisha anayemfuata, na ukoo wa Umar uwekwe pale ulipoangukia. Watu wa Badr wakaandikiwa dirham 5,000 kwa mwaka, na wengine kwa kadiri ya kutangulia kwao katika Uislamu. Mwanawe Abdullah aliandikiwa chini ya Usama bin Zaid. Alipouliza sababu, baba yake akamweleza kuwa Usama na babake walipendwa zaidi na Bwana Mtume.

Watoto walikuwa hawaandikwi mpaka waachishwe ziwa. Usiku mmoja khalifa akizunguka alimsikia mtoto analia, akapita tena akamsikia bado analia. Akamwuliza mamake, naye bila ya kumjua akajibu kuwa anamwachisha kabla ya wakati, kwa sababu Umar hatoi fungu ila kwa aliyeachishwa. Umar akasalisha Alfajiri siku ile na sauti yake haisikilikani kwa kulia. Kisha akatoa amri kuwa kila mtoto wa Kiislamu aandikwe tangu kuzaliwa, kwa dirham 100. Hivyo daftari lililowekwa kwa ajili ya jeshi likawafikia na walio majumbani. Na askari ajuaye kuwa nyumba yake inakula hutulia mpakani.

Daftari likahitaji tarehe. Ililetwa hati iliyoandikwa mwezi wa Shaaban, na haikujulikana ni Shaaban ya mwaka gani. Abu Musa, liwali wa Basra, naye aliandika kuwa barua za khalifa humfikia hazina tarehe. Umar akashauriana na Masahaba, na katika mwaka 16 au 17 wakakubaliana miaka ihisabiwe tangu Hijra ya Bwana Mtume. Hesabu ambayo Waislamu hufungia na kuadhimishia sikukuu ilipangwa katika mashauri ya makarani na maliwali, ili amri ya mkono mmoja isipotee katika mkono mwingine.

Miji ya majeshi

Waarabu waliokaa Madain walidhoofika na rangi zao zikabadilika. Umar akaandika kutaka khabari, kisha akaamrisha patafutwe mahali panapowafaa watu na ngamia wao, wala pasiwe na maji baina yake na wao, ili msaada wa Madina uwafikie bila kizuizi. Salman na Hudhaifa wakatembea wakapachagua mahali pa Al-Kufa, na Saad bin Abi Waqqas akaujenga mji katika mwaka 17 (638). Basra ilijengwa kwa shauri hilo hilo, na baadaye Fustat huko Misri, iliyofunguliwa na Amr bin al-As.

Nyumba za kwanza za Al-Kufa zilikuwa za matete. Zilipoungua watu wakaomba ruhusa ya kujenga kwa matofali. Khalifa akaruhusu, kwa sharti kuwa mtu asizidishe vyumba 3 wala asijenge kwa kushindana urefu. Njia kubwa zilipimwa dhiraa 40, zilizofuata 30, kisha 20, na vichochoro dhiraa 7, na msikiti ukawa katikati. Baada ya siku chache mwizi aliichimba Baitul-Mali akaiba. Umar akaamrisha msikiti ujengwe ubavuni mwa Baitul-Mali, kwani msikitini hapakosi watu usiku na mchana, nao watakuwa walinzi wa mali yao.

Askari hawakutupwa mipakani bila muda. Umar alisikia usiku mwanamke akimlilia mumewe aliye jihadi. Akamwuliza bintiye Bibi Hafsa muda ambao mke huweza kumsubiri mume. Akaandika kuwa askari asizuiliwe zaidi ya muda huo, nao katika riwaya moja ni miezi 4, na katika nyingine miezi 6.

Farasi, malisho na pwani

Katika Al-Kufa waliwekwa farasi 4,000 wasiotumiwa kwa kazi nyingine, chini ya Salman bin Rabia al-Bahili, na miji mingine nayo ikawa na farasi kwa kadiri yake. Huko Misri, Amr aliwatoa watu wakati wa majani wakanenepeshe farasi zao, kisha akawakagua. Aliyemdhoofisha farasi wake bila ugonjwa alikatwa katika mshahara. Wala askari wa Misri hawakuruhusiwa kulima, kwa kuwa riziki yao imekwisha andikwa.

Hijazi kulikuwa na malisho ya serikali katika Rabadha na Sharaf kwa ajili ya ngamia na farasi wa jihadi. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kuwa kwa mwaka mmoja Umar aliwapandisha watu juu ya ngamia 40,000: mwenye kwenda Sham ngamia wake peke yake, na wenye kwenda Iraq watu wawili kwa ngamia mmoja. Msimamizi wa malisho alikuwa Hunai, mtumwa wake aliyemwacha huru. Khalifa alimwusia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye mbuzi wachache, na awazuie wanyama wa matajiri kama Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Tajiri mifugo yake ikifa, anayo mitende na mashamba. Maskini ikimfia atakuja na watoto wake kumlilia khalifa, na majani ni rahisi kuliko dhahabu ya Baitul-Mali.

Faida ya farasi wale ilionekana katika mwaka 17. Warumi, wakisaidiwa na watu wa Jazira, walimzunguka Abu Ubaida katika mji wa Hims. Umar akaandika Al-Kufa, na Qaqaa bin Amr akatoka na wapanda farasi 4,000 siku ile ile barua ilipofika. Jeshi jingine likapelekwa kuielekea Jazira yenyewe. Watu wa Jazira waliposikia wakaogopea miji yao, wakawaacha Warumi. Abu Ubaida akashinda siku 3 kabla ya Qaqaa kufika, na khalifa akaamrisha watu wa Qaqaa washirikishwe katika ngawira, maana kutoka kwao ndiko kulikomvunja adui moyo.

Ama bahari, Muawiya liwali wa Sham aliomba ruhusa ya kuvivamia visiwa vya Warumi kwa majahazi. Umar akamtaka Amr bin al-As amsifie bahari, na baada ya kuisikia sifa yake akakataa kuwapandisha Waislamu. Ruhusa hiyo ilitoka katika siku za Sayyidna Uthman, na Cyprus ikaendewa mwaka 28 (649). Lakini Umar hakuiacha pwani wazi. Alimwamrisha Muawiya atengeneze ngome za pwani, aweke askari ndani yake, na walinzi juu ya minara, na mioto ya kupashana khabari. Huko Misri robo ya jeshi ilikaa Iskandaria kwa zamu ya miezi 6, robo nyingine ikakaa pwani, na nusu iliyobaki Fustat.

Mamlaka tatu katika mji mmoja

Umar hakupenda upanga, mali na hukumu vikusanyike katika mkono mmoja. Alipompeleka Ammar bin Yasir Al-Kufa, alimpa Sala na jeshi. Pamoja naye alimpeleka Abdullah bin Masud, akampa ukadhi na Baitul-Mali na kuwafundisha watu dini. Uthman bin Hunaif alikuwa na kazi ya kupima ardhi. Watatu hawa wakaandikiwa mbuzi mmoja kila siku: nusu na matumbo ya Ammar, robo ya Ibn Masud na robo ya Uthman. Khalifa akawaonya kuwa nchi inayochukuliwa mbuzi mmoja kila siku haichelewi kuharibika, na akawafananisha wao na yeye mwenyewe na mlinzi wa mali ya yatima: akiwa na chake ajizuie, na akiwa mhitaji ale kwa wema. Basi mwenye jeshi hakuweza kujifungulia hazina, na mwenye kupima ardhi hakuwa ndiye mwenye kuitumia kodi. Kila mmoja alimhitaji mwenziwe, na wote wakaandikiana na Madina.

Makadhi nao aliwapa heshima yao. Umar alimchukua farasi kwa mtu ili amjaribu kabla ya kumnunua, farasi akaumia mkononi mwake, wakagombana. Wakamfanya Shureih kuwa mwamuzi, naye akamhukumia mwenye farasi: khalifa amchukue kwa bei waliyopatana, au amrudishe mzima kama alivyomchukua. Umar akaipenda hukumu hiyo iliyomwangukia mwenyewe, akampeleka Shureih Al-Kufa kuwa kadhi.

Huko Sham, Ubada bin as-Samit aliwaona watu wakiuziana vipande vya dhahabu kwa dinari bila ya usawa. Akawakataza, kwani dhahabu kwa dhahabu haifai ila sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Muawiya, naye ni liwali, akawa na rai nyingine. Ubada akakasirika, akarudi Madina. Umar akamrudisha Sham, akasikitikia nchi asiyokaa mtu kama yeye, na akamwandikia Muawiya kuwa hana amri juu ya Ubada, na kwamba watu wafuate alivyosema Ubada. Liwali alibaki na jeshi lake na cheo chake, lakini alijua kuwa elimu haiko chini ya upanga wake.

Kuwahesabu maliwali

Kila liwali mali yake iliandikwa siku ya kupewa kazi. Iliyozidi bila njia ya kujulikana, khalifa aliigawa, nusu ikaingia Baitul-Mali. Aliwashurutisha wasipande farasi wa fahari, wasile unga uliochekechwa, wasivae nguo laini, wala wasiwafungie watu milango yao. Kila mwaka wakati wa Haji walikutana naye, na mahujaji wa nchi zao wapo, na mwenye mashitaka akasikilizwa mbele yao.

Mwenye kupelekwa kupeleleza alikuwa Muhammad bin Maslama. Saad alipojiwekea mlango wa kuzuia kelele za soko katika nyumba yake ya Al-Kufa, Muhammad alitoka Madina, akanunua kuni, akauchoma mlango ule, akarudi siku ile ile. Saad alitaka kumpa masurufu ya njiani, naye akakataa. Khalid bin Walid aliuzuliwa mwaka 17, naye ni jemadari asiyeshindwa. Khalifa akaiandikia miji kuwa hakumwuzulu kwa hasira wala kwa khiana, ila watu wamefitinika naye, na alitaka wajue kuwa mwenye kutenda ni Mwenyezi Mungu. Jeshi la Sham lilibaki imara bila ya Khalid, kwa kuwa mashahara yake na farasi wake na daftari lake havikuwa juu ya mtu mmoja.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 21 (642). Waajemi walikusanyika Nihawand kwa wingi, na wakati huo huo baadhi ya watu wa Al-Kufa wakamshitaki Saad. Mwingine angelisema mashitaka yangoje vita ipite. Umar akampeleka Muhammad bin Maslama, akamtembeza Saad msikiti kwa msikiti akiwauliza watu khabari zake. Wengi wakamsifu. Hata hivyo khalifa akamwuzulu ili kuondoa fitina, na kabla ya kufariki akamshuhudia kuwa hakumwondoa kwa kushindwa kazi wala kwa khiana.

Ama vita, yeye mwenyewe alitaka kutoka. Sayyidna Ali akamshauri abaki, na asiwatoe watu wa Sham wala wa Yaman mahali pao, wasije Warumi na Wahabeshi wakaingia nyuma yao. Basi theluthi mbili ya jeshi la Al-Kufa wakatoka na theluthi moja ikabaki, Basra ikatoa sehemu, na askari walio upande wa Ahwaz wakaamriwa kuwazuia watu wa Fars wasiwasaidie wenzao. Noman bin Muqarrin akafa shahidi siku ile ya Nihawand, na Waajemi hawakukusanyika tena kwa wingi kama huo.

Mwaka wa njaa

Katika mwaka 18 Hijazi ilipatwa na ukame, mwaka ukaitwa Mwaka wa Ramada, kwani ardhi iligeuka rangi ya jivu. Njia na ngamia vilivyotengenezwa kwa jeshi vikabeba chakula. Abu Ubaida akaleta ngamia 4,000 wa vyakula kutoka Sham. Khalifa akaakhirisha kukusanya zaka mwaka ule, wala hakumkata mkono mwizi wa njaa. Akajiharimishia samli na nyama, akala mafuta ya zeituni mpaka rangi yake ikawa nyeusi. Baadaye Misri ilipofunguliwa, Amr alichimba kwa amri yake mfereji kutoka Mto Nil karibu na Fustat mpaka Qulzum katika Bahari ya Sham, ukaitwa Mfereji wa Amiri wa Waumini. Majahazi yakapita na nafaka mpaka Jar, bandari ya Madina. Khalifa aliyeiogopea bahari roho za askari hakuikataa ilipowaletea watu chakula.

Kufariki kwake

Siku chache kabla ya kupigwa, Umar alisimama na Hudhaifa na Uthman bin Hunaif, akawauliza kama wameibebesha ardhi ya Iraq kodi isiyoiweza. Wakamjibu kuwa wameiwekea inachoweza. Akawataka watazame tena. Akatamani, Mungu akimweka hai, awaache wajane wa Iraq wasimhitaji mtu yeyote baada yake. Hazikupita siku 4 ila alipigwa.

Katika Dhul-Hijja mwaka 23 (644), akianza kusalisha Alfajiri, Abu Luluah, mtumwa wa Mughira bin Shuba, alimchoma kwa kisu chenye ncha mbili. Abdurrahman bin Auf akaimaliza Sala. Umar alipojua kuwa aliyempiga hakuwa Mwislamu, akamshukuru Mungu. Akaamrisha deni lake lihesabiwe, likawa kiasi cha dirham 86,000. Akamwusia mwanawe alilipe kwa mali ya watu wa nyumba yake, isipotosha kwa mali ya Bani Adiy, na isipotosha kwa mali ya Makureshi, wala asiwapite hao. Yule aliyeandika kwa dirham na dinari riziki ya majeshi ya Sham, Iraq na Misri alifariki na deni. Akamwomba Bibi Aisha ruhusa ya kuzikwa pamoja na wenzake wawili, akaruhusiwa.

Ukhalifa aliuacha katika mashauri ya watu 6, akawapa siku 3 wamchague mmoja wao. Mwanawe Abdullah alihudhuria mashauri tu, bila ya kuwa na fungu katika amri. Kisha akamwusia khalifa atakayekuja: awafanyie wema Muhajirina na Ansari, awatazame watu wa miji ya majeshi, kwani wao ni ngome ya Uislamu na wakusanyaji wa mali, wala wasichukuliwe ila kilichozidi na kwa radhi zao, na watu wa dhimma watimiziwe ahadi zao, wapiganiwe, wala wasikalifishwe wasiloliweza.

Huo ndio wasia wa mtu ambaye majeshi yake yalizishinda vitani dola mbili kubwa za zama zake, na ndani yake hamna neno la kuteka nchi nyingine. Yaliyomshughulisha katika saa ile ni mshahara usipunjwe, kodi isizidi, na ahadi isivunjwe. Mwenyezi Mungu amridhie, na awape Waislamu viongozi wenye kujihesabu kabla ya kuhesabiwa. Amin.